"Prorogue" haina maana ya kuvunja Bunge

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho dawati la habari za kimataifa hukutana nacho mara chache, na kila kinapokuja hutuletea mkanganyiko: "prorogue". Katika magazeti na taarifa za habari za redio tumekiona kikitafsiriwa kuwa ni kuvunja Bunge, kuahirisha Bunge, kusitisha Bunge na hata kusimamisha Bunge. Wakati mwingine kichwa cha habari kinasema hivi na aya ya tatu inasema vile. Hayo ni mambo manne tofauti, na hakuna hata moja linalobeba maana ya kitenzi hicho. Tafsiri ikikosewa hapa, msomaji anaambiwa kwamba mamlaka fulani imetumika wakati haikutumika, au anafichwa iliyotumika. Ndiyo maana tunaliona jambo hili kuwa zito.

Maneno yetu wenyewe yako wazi kabisa kwa anayesikiliza matangazo kutoka Dodoma. Mchana Spika husema anasitisha shughuli za Bunge hadi saa kumi na moja jioni. Siku bado haijaisha, wabunge wanakwenda kula na kurudi. Jioni anaahirisha shughuli hadi kesho saa tatu asubuhi. Mkutano wa wiki kadhaa unapofika mwisho, Waziri Mkuu anasimama na kutoa hoja ya kuahirisha Mkutano wa Bunge, hoja inaungwa mkono, na wabunge wanarudi majimboni huku tarehe ya kukutana tena ikijulikana. Ibara ya 92 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inaeleza kwamba baada ya mkutano wa kwanza wa Bunge jipya, mikutano inayofuata huanza tarehe iliyotajwa na Bunge lenyewe au iliyowekwa kwa mujibu wa Kanuni zake. Kwa hiyo kuahirisha ni uamuzi wa Bunge juu ya ratiba yake. Muswada uliosomwa kwa mara ya kwanza katika mkutano mmoja unasubiri mkutano ujao, na kamati zinaweza kuendelea na kazi. Kwa Kiingereza hiyo ndiyo "adjourn".

Kuvunja ni kitu kingine. Bunge likivunjwa, uhai wake umekwisha, ubunge umekoma na kinachofuata ni uchaguzi. Ibara ya 90 ya Katiba hiyohiyo inamfunga Rais asilivunje Bunge apendavyo: inataja hali mahususi, mojawapo ikiwa ni Bunge kukataa kupitisha Bajeti ya Serikali. Hiyo ndiyo "dissolve", na hapo Kiswahili hakina tatizo lolote.

"Prorogue" iko katikati ya hizo mbili, na katikati hapo ndipo tunapoteleza. Katika nchi zilizorithi utaratibu wa Westminster, yaani wa Bunge la Uingereza, uhai wa Bunge moja kati ya uchaguzi na uchaguzi hugawanywa katika misimu ya vikao, ambayo kwa kawaida kila mmoja huwa kama mwaka. Msimu hufunguliwa na mkuu wa nchi kwa hotuba inayotaja sheria ambazo Serikali inakusudia kuzipeleka bungeni. Msimu huohuo hufungwa kwa amri ya mkuu wa nchi, na tendo la kuufunga ndilo "prorogue". Wabunge wanabaki wabunge, mawaziri wanabaki mawaziri, na mishahara inaendelea. Lakini mabaraza yote mawili yanafungwa kwa pamoja, kamati haziruhusiwi kukutana, maswali ambayo hayajajibiwa yanaanguka, hoja zinafutika, na miswada ambayo haijakamilika inakufa isipokuwa ile iliyowekewa utaratibu maalumu wa kuvushwa. Msimu mpya ukianza, Serikali inayotaka muswada uliokufa hulazimika kuuleta upya. Ni kama ligi: msimu ukiisha pointi zinafutwa na jedwali linaanza na sifuri, ila klabu zinabaki zilezile na wachezaji walewale.

Jambo la kuzingatia zaidi ni mkono unaofunga. Bunge halijifungi lenyewe na wala halipigi kura kuhusu hilo. Uingereza, Mfalme au Malkia hutoa amri kwa ushauri wa Waziri Mkuu kupitia Baraza la Ushauri la Mfalme, kisha makamishna kutoka Baraza la Malodi, wakiwa na majoho mekundu, huisoma mbele ya wabunge walioitwa kwenda kusikiliza. Mfalme mwenyewe hahudhurii. Mtawala wa mwisho kufika kufunga msimu ana kwa ana alikuwa Malkia Victoria, mwaka 1854. Mwandishi akiandika kwamba Bunge "limeahirisha vikao vyake", amewapa wabunge uamuzi ambao hawakuufanya na pengine waliupinga kwa nguvu zote.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Uingereza mwaka 2019, kwa sababu ndani ya miezi mitatu vitenzi vyote vitatu vilitumika, kila kimoja kwa maana yake. Tarehe 28 Agosti 2019 Malkia Elizabeth, akiwa katika kasri lake la Balmoral huko Scotland, alitoa amri kwa ushauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson kwamba Bunge lifungwe siku moja kati ya tarehe 9 na 12 Septemba, hadi tarehe 14 Oktoba. Nchi ilikuwa inatakiwa kutoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Oktoba. Kufunga msimu kwa kawaida huchukua siku chache tu, na safari hii zilikuwa wiki tano. Sherehe ilifanyika usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba. Tarehe 11 Septemba, mahakama ya rufaa ya Scotland mjini Edinburgh ilisema kitendo hicho ni kinyume cha sheria, wakati mahakama ya London ilikuwa imekataa kuingilia. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Lady Hale, waliamua kwa kauli moja kwamba ushauri aliopewa Malkia haukuwa halali, hivyo amri haikuwa halali, na kufungwa kwa Bunge hakukuwa na nguvu yoyote.

Hapa tunaomba wahariri wasogee karibu. Kwa kuwa kisheria Bunge halikuwa limefungwa, Spika John Bercow alikataa kusema kwamba wabunge "wanaitwa tena". Alisema maandalizi ni ya kuendelea na shughuli, maana hakuna kilichokuwa kimefungwa hata kifunguliwe. Kumbukumbu rasmi zilirekebishwa: mahali palipoandikwa kwamba Bunge lilikuwa "prorogued" pakawekwa kwamba lilikuwa "adjourned". Wabunge walikuwa nyumbani siku zilezile, viti vilikuwa vitupu vilevile, na bado neno lilibadilishwa kwa sababu hali ya kisheria ni nyingine. Si hilo tu. Ulikuwepo muswada wa ukarabati wa majengo ya Bunge ambao idhini ya Malkia ilitangazwa katika sherehe ileile ya kufunga. Sherehe ilipobatilika, idhini nayo ikabatilika, na ikabidi itolewe upya tarehe 8 Oktoba. Siku hiyohiyo Bunge lilifungwa tena, safari hii kihalali, hadi tarehe 14 Oktoba lilipofunguliwa kwa hotuba ya Malkia. Kisha tarehe 6 Novemba likavunjwa, na uchaguzi ukafanyika tarehe 12 Desemba.

Gazeti lililokuwa limeandika mwezi Septemba kwamba Bunge la Uingereza "limevunjwa" lilijikuta Novemba likiandika kwamba Bunge lilelile limevunjwa. Msomaji makini atauliza: lile la kwanza liliungwa lini?

Chanzo cha kosa hilo tunakielewa. Kwa kuwa hata Waingereza wengi hawakuwa wakilijua neno hilo, mashirika ya habari yaliwarahisishia wasomaji wao kwa kuandika "suspend". Wafasiri wetu wakakitafsiri hicho, wakapata "kusimamisha" au "kusitisha". Lakini kusitisha ndiyo kazi ya Spika saa saba mchana, na kusimamishwa ni adhabu anayopewa mbunge aliyekiuka kanuni. Tafsiri ya tafsiri ikaishia mbali na tukio lenyewe.

Kanada imetupa mfano mwingine wa karibuni. Tarehe 6 Januari 2025 Waziri Mkuu Justin Trudeau alitangaza kwamba atajiuzulu mara chama chake kitakapopata kiongozi mpya, na siku hiyo Gavana Mkuu Mary Simon akaufunga msimu wa Bunge hadi tarehe 24 Machi. Miswada ya Serikali iliyokuwa njiani ikafa, ukiwemo ule wa kudhibiti madhara ya mitandaoni. Mrithi wake, Mark Carney, aliomba Bunge livunjwe tarehe 23 Machi, siku moja kabla ya wabunge kurudi. Kwa hiyo Bunge hilo lilifungwa, halikukutana tena, kisha likavunjwa. Kwa mwandishi aliyetumia "kuvunja" mwezi Januari, habari ya Machi haiandikiki bila kujikana. Nchi hiyohiyo iliwahi kuonyesha kwa nini kitenzi hiki hubeba siasa nzito: tarehe 4 Desemba 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba Bunge lifungwe hadi mwisho wa Januari, na akakubaliwa, wakati vyama vya upinzani vilikuwa vimejiandaa kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani. Ukiandika kwamba Bunge "liliahirishwa" siku hiyo, umeiondoa habari ndani ya habari.

Lakini athari hazifanani kila nchi, na mfasiri asibebe kanuni za London kwenda nazo New Delhi. Katiba ya India, ibara ya 107, inasema wazi kwamba muswada haufi kwa sababu msimu umefungwa. Unakufa Lok Sabha, baraza la chini, ikivunjwa, na hata hapo si kila muswada. Rajya Sabha, baraza la juu, haivunjwi kamwe. Tena India hutenganisha hatua mbili ambazo huonekana kama moja: kwanza Spika anaahirisha vikao bila kutaja tarehe ya kurudi, kisha, siku kadhaa baadaye, Rais anatia saini amri ya kufunga msimu. Katika nafasi kati ya hatua hizo Spika bado anaweza kuwaita wabunge bila kungoja wito wa Rais. Na kwa kuwa ibara ya 123 inamruhusu Rais kutoa sheria za muda pale tu ambapo angalau baraza moja kati ya mawili halimo kikaoni, siku msimu unapofungwa si jambo dogo.

Sri Lanka ilitumia vyote viwili kwa haraka. Tarehe 27 Oktoba 2018 Rais Maithripala Sirisena alilifunga Bunge, na tarehe 9 Novemba akalivunja. Kilichobatilishwa na Mahakama ya Juu tarehe 13 Desemba ni kule kulivunja. Anayetumia neno moja kwa matukio hayo mawili hawezi kumweleza msomaji mahakama ilibatilisha nini.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halikuwa geni. Katiba ya zamani ya Kenya, kifungu cha 59, ilimpa Rais mamlaka mawili yaliyoandikwa kwa utengano: kufunga msimu wa Bunge wakati wowote, na kulivunja wakati wowote. Januari 1993, baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, Rais Daniel arap Moi alitumia lile la kwanza siku moja tu baada ya Bunge jipya kufunguliwa. Wapinzani waliokuwa wameapishwa walibaki na ubunge wao lakini hawakuwa na mahali pa kusemea hadi Machi. Wanaosimulia tukio hilo leo kwa kusema "Moi alivunja Bunge" wanakosea, kwa maana hakukuwa na uchaguzi mkuu mwingine hadi 1997. Katiba ya Kenya ya 2010 haikumwachia Rais mamlaka hayo ya kufunga msimu. Uganda inayo hadi leo, ila imeyaweka mikononi mwa mtu mwingine: ibara ya 95 ya Katiba ya 1995 inampa Spika uwezo wa kufunga msimu kwa tangazo, baada ya kushauriana na Rais. Kwa hiyo habari ya Kampala inayosema Museveni amefunga Bunge inahitaji kuangaliwa mara mbili kabla ya kwenda mtamboni.

Sasa Kiswahili chake kiwe nini? Tulifikiria "kufunga Bunge", kwa sababu linakwenda sambamba na "kufungua Bunge" ambalo tayari tunalo. Tatizo ni kwamba Tanzania hotuba ya Rais ya mwisho wa miaka mitano huitwa hotuba ya kulifunga Bunge, na msomaji wa Dar es Salaam atadhani uchaguzi umekaribia. "Kufunga kikao" nalo linateleza, kwani Dodoma kikao ni cha siku moja na mkutano ndio wa wiki kadhaa, wakati Nairobi wengi huita kikao kile cha mwaka mzima. Pendekezo letu ni "kufunga msimu wa vikao vya Bunge" pale neno linapotajwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo habari inaweza kutumia "kufunga" peke yake, kama tulivyofanya katika barua hii. Ni refu kwa kichwa cha habari, tunakubali. Kichwa kinaweza kuwa "Bunge la Kanada lafungwa hadi Machi 24". Tarehe ndiyo inayookoa maana: Bunge lililovunjwa haliandikiwi hivyo.

Tarehe hiyo imo ndani ya asili ya kitenzi. Kwa Kilatini "prorogare" ni kurefusha au kusogeza mbele, na Warumi walilitumia kwa kumwongezea muda kiongozi wa kijeshi ambaye mwaka wake wa madaraka umekwisha. Waingereza walilichukua kwa maana ya kulisogeza Bunge hadi siku nyingine. Ndiyo sababu maandishi yao rasmi husema Bunge limefungwa hadi tarehe fulani, hata kama tarehe hiyo inaweza kusogezwa tena.

Kitenzi hiki hakitumiki kwa jambo la kila siku. Hakuna anaye-"prorogue" kikao cha harusi wala mkutano wa chama cha ushirika. Nje ya mabunge, utakikuta katika Sinodi Kuu ya Kanisa la Anglikana la Uingereza, ambayo nayo hufungwa kwa neno hilohilo. Kwa kawaida huchukua yambwa, yaani kitu kinachotendwa: mtu fulani hulifunga Bunge. Kwa hiyo sentensi ya Kiswahili isiyosema nani amefunga ina pengo, na pengo hilo lijazwe hata kama taarifa ya shirika la habari imetumia kauli ya kutendwa. Kwa Uingereza na Kanada, njia salama ni kuandika "kwa ushauri wa Waziri Mkuu", maana saini si yake.

Kwa wasomaji wa taarifa redioni: herufi za mwisho "ue" hazitamkwi, kama zisivyotamkwa katika "dialogue". Sema "proróg", mkazo kwenye silabi ya pili. Nomino yake ni "prorogation", na g yake hutamkwa kama ya "gari", isigeuke kuwa j.

Taarifa ya Kiingereza ikifika mezani na neno ni "suspend" au lolote lisiloeleweka, mhariri aulize kwanza kama wabunge bado ni wabunge. Kama sivyo, Bunge limevunjwa na hakuna haja ya kuendelea kuuliza. Kama ndivyo, aangalie ni nani aliyeamua: kura ya Bunge au kauli ya Spika juu ya ratiba ni kuahirisha, na amri ya Mfalme, Gavana Mkuu au Rais ni kufunga msimu. Nchi kama Uganda itamlazimu afungue Katiba. Likibaki shaka, atazame miswada. Taarifa ikitaja miswada iliyoanguka huku ubunge ukiendelea, hiyo ni "prorogue" hata kama neno lenyewe halikuandikwa.

Tunaomba pia gazeti lichapishe masahihisho pale lilipoandika kwamba Bunge limevunjwa na halikuvunjwa. Yanaweza kuwa mafupi hivi: "Katika habari yetu tuliandika kuwa Bunge la Uingereza lilivunjwa Septemba 2019. Usahihi ni kwamba Malkia, kwa ushauri wa Waziri Mkuu, alitoa amri ya kufunga msimu wa vikao vya Bunge hadi Oktoba 14, na Mahakama ya Juu ikaibatilisha amri hiyo Septemba 24. Bunge hilo lilivunjwa Novemba 6."

Wako,
Wafasiri wa nyaraka za sheria,
Dodoma